Jua la Novemba Mwanza: Cha Kuanika na Cha Kuficha Kivulini

Mvua ikinyesha usiku kucha halafu kukapambazuka kweupe, Mwanza nzima hutoka nje na mabeseni. Kuanzia Bwiru hadi Buhongwa kila jiwe lenye mgongo bapa limetandikwa shuka, na kila ua una mtu aliyeinama na jembe. Vuli haina siku nyingi za namna hii: udongo umelowa, mbingu haina wingu, na jua lina nguvu ya kukausha blanketi kabla ya saa nane mchana. Tatizo ni kwamba siku hiyo watu huanika kila kitu, hata vile ambavyo jua huviharibu. Chandarua chenye dawa kinaning'inia kamba moja na suruali za jinzi. Miche ya nyanya inahamishwa saa nne asubuhi. Majani ya kunde yanatandazwa juu ya bati mpaka yanageuka rangi ya majani ya chai. Kumbe siku nzuri kama hiyo inataka kugawanywa: jua lipewe kazi yake, na kivuli kipewe yake.

Kwanza saa. Mwezi Novemba jua letu huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu na hufika utosini kama saa sita na nusu. Kali hasa ni kuanzia saa tano hadi saa tisa. Kazi za udongo zimalizike kabla ya saa nne, vya kuanikwa viwe nje ifikapo saa tatu, na kupanda kusubiri saa kumi jioni. Aliyeanza kufua saa tano amekwisha kupoteza nusu ya jua lake.

Kwa hiyo kabla ya kushika jembe, loweka nguo. Dakika 30 zinatosha kwa nguo za kawaida. Zikizidi saa nzima kwenye sabuni ya unga, rangi huanza kuhama, na khanga mpya ndiyo huwa ya kwanza kuchafua wenzake. Nyeupe ziwe na beseni lake. Kola na makwapa yapakwe sabuni ya mche yakiwa makavu kidogo, siyo baada ya kuzamishwa, maana kwenye maji mengi sabuni haikai pale kwenye uchafu. Zikiloweka hivyo, una nusu saa ya bustani.

Bustani ya Mwanza huanza na swali moja: uko mlimani au bondeni? Wasukuma walishayapa haya majina zamani. Udongo wa kichanga kikavu unaomeguka kutoka kwenye mawe, ule wa miteremko, ni luseni. Mweusi wa mabondeni unaopasuka kiangazi na kunata masika ni mbuga. Luseni unalimika asubuhi ileile baada ya mvua. Mbuga haulimiki. Chukua udongo wa kina cha kidole, ufinyange kama tonge, kisha ulisukume kwa dole gumba. Likimeguka, lima. Likibonyea na kung'aa kama ugali wa muhogo, acha hadi kesho au keshokutwa, kwa sababu kila hatua yako inaukandamiza udongo na kufunga njia za hewa, na mizizi itakayopita hapo itakutana na tofali.

Hata umbo la tuta linategemea hilo. Naona watu wa mlimani wakiinua matuta marefu kama ya viazi, halafu wanashangaa mchicha unanyauka siku ya pili bila mvua. Kwenye luseni tuta lililoinuliwa ni kichujio tu. Fanya tuta la kuzama: upana mita 1 ili mkono ufike katikati kutoka kila upande, urefu upendao, na sakafu yake iwe chini kwa sentimita 5 hadi 10 kuliko kingo. Kwenye mbuga fanya kinyume, inua sentimita 20 au 30 ili maji yasilale kwenye mizizi. Kote kuwili tuta lilale kukingama mteremko, na chini yake panga mawe, ambayo hapa kwetu hayanunuliwi.

Mawe yenyewe yana tabia zake. Jiwe lenye uso wa mita za mraba 10 likinyeshewa milimita 20, linamwaga karibu lita 200 sehemu moja. Kama tuta lako liko chini ya mdomo wa jiwe, litachimbika na mbegu zitakutwa kwa jirani. Chimba kamfereji ka kuyageuza maji hayo yaingie kwenye shimo la mgomba au mpapai. Halafu jiwe hubeba joto la mchana na kulitoa polepole usiku, hivyo bamia na pilipili hustahimili kuwa karibu nalo, lakini chainizi hapana. Yule mjusi wa mawe mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu anayekuota jua hapo juu mwache, chakula chake ni wadudu. Pimbi ndiye wa kuogopwa. Hushuka asubuhi na jioni, na tuta la chainizi analimaliza kwa kikao kimoja. Nyavu chakavu za uvuvi, zikifungwa kwenye nguzo na sehemu ya chini kuzikwa sentimita 20, humzuia yeye na kuku pia. Zivute zikaze, zikilegea zinanasa ndege na nyoka.

Mbolea: samadi iliyooza, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita ya mraba, ichanganywe na udongo wa juu hadi kina cha sentimita 15. Ya kuku iwe nusu ya hapo, kwa kuwa ni kali. Samadi iliyooza hainuki mkojo, na ukiingiza mkono katikati ya lundo husikii joto. Ikiwa bado inafukuta, itaunguza mizizi, na wewe utadhani ni ugonjwa.

Mbegu za mchicha ni ndogo, na kosa la kawaida ni kuzimwaga kwa wingi halafu kuzizika mno. Changanya kijiko kimoja cha chai cha mbegu na kikombe cha mchanga mkavu. Mchanganyiko huo unatosha mita za mraba 2 au 3. Chora mistari ya kina cha nusu sentimita, iachane sentimita 20, nyunyiza, funika kwa udongo laini, kisha gandamiza kwa kiganja. Nyunyiza majivu kuzunguka tuta, kwa sababu sisimizi hubeba mbegu za mchicha moja moja hadi shimoni na wewe ukabaki kulaumu duka la pembejeo. Tandaza nyasi nyepesi juu na uziondoe siku chipukizi zitakapoonekana, bila kuchelewa hata siku moja, la sivyo miche inarefuka myembamba ikitafuta mwanga. Wa kung'oa huwa tayari baada ya wiki tatu au nne.

Hapo nusu saa ya kuloweka imekwisha, pengine imezidi. Rudi kwenye mabeseni.

Kufua kila mtu anajua, kwa hiyo nitagusa uanikaji tu. Nguo za rangi zigeuzwe ndani nje. Shati lining'inizwe kwa pindo la chini, siyo mabegani, ili alama za vibanio zisionekane na maji yashuke kwenye kola ambayo ni nzito. Nyeupe ndizo zenye haki ya jua kali, maana jua huzing'arisha bila gharama. Kuanika juu ya jiwe kunapendeza kwa macho, ila kuvu wa kijivu na wa rangi ya chungwa waliogandia kwenye jiwe huacha madoa kwenye kitambaa kibichi, kwa hiyo tandika kwanza turubai au gunia safi. Wanaokaa karibu na ziwa, nguo ziingie ndani kabla ya magharibi. Yale mawingu ya vijidudu vya ziwani yanayokuja kama moshi yakitua kwenye shuka lenye unyevu, unafua upya.

Chandarua sasa, na hapa naomba tusikilizane. Chandarua chenye dawa ya muda mrefu hufuliwa kwa maji baridi na sabuni ya mche, kwa upole, bila dawa ya kung'arishia na bila kulowekwa. Hukaushwa kivulini, kwani jua linaivunja ile dawa iliyomo kwenye nyuzi. Kimeundwa kustahimili kufuliwa takriban mara 20, kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu inatosha. Ukifua kila Jumamosi, ndani ya nusu mwaka unalala kwenye neti ya kawaida. Maji yake yasimwagwe ziwani wala mtoni, maana dawa hiyo huua samaki, na yasimwagwe bustanini. Mimina kwenye shimo la choo. Kipya nacho kinyooshwe kivulini siku nzima, saa 24, kabla ya kulaliwa. Na chandarua kuukuu kisifunike chakula kinachoanikwa, hata kama kimechakaa vipi. Kwa dagaa na mboga tumia kitambaa cha pazia jepesi.

Godoro la sponji pia si la jua kavu. Mwanga mkali huigeuza sponji njano kisha ikawa inameguka unga. Litoe nje, ndiyo, unyevu utoke, lakini lifunikwe shuka na ligeuzwe baada ya saa moja na nusu. Kama lengo ni kuua kunguni, jua la uani halitoshi: anakimbilia upande wa chini wenye kivuli na kurudi nawe ndani. Anakufa kwenye joto linalofika nyuzi 50 hadi ndani kabisa alikojificha, na godoro nene halifiki huko kwa kuanikwa.

Tumefika kwenye vile ambavyo jua linavimudu kuliko chombo chochote cha umeme. Cha kwanza ni kunde zenye wadudu. Tandaza nyasi kavu chini ili ardhi isinyonye joto, juu yake nailoni nyeusi, juu yake kunde kwa unene usiozidi sentimita 2 na nusu, kisha funika kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga na ukandamize kingo zote kwa mawe. Ndani humo joto hupita nyuzi 57, na saa moja ya joto hilo inatosha kuua mdudu, kiluwiluwi na mayai yaliyomo ndani ya punje. Mimi ningeacha saa mbili, saa tano hadi saa saba, kwa sababu mbingu ya Novemba haiaminiki. Kisha zipoe kabisa kivulini ndipo zifungwe. Nafaka ikifungwa ya moto hutoa jasho ndani ya gunia, na jasho hilo ndilo linalozaa ukungu.

Mahindi yanaanikwa juu ya turubai, siyo chini, unene wa sentimita 3 hadi 5, yakigeuzwa kila baada ya nusu saa. Kujua kama yamekauka usitegemee meno, kila mtu ana meno yake. Chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, weka mahindi yafike robo, ongeza vijiko vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri juani, tikisa dakika mbili au tatu, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu bado uko juu ya asilimia 15, na hayo hayafai kuingia ghalani. Ikishuka yote chini, yako karibu. Kwa kuhifadhi miezi mingi lenga asilimia 13. Karanga zichambuliwe palepale: zilizosinyaa, zilizooza na zenye vumbi la kijani zitupwe, wala asilishwe kuku. Huko ndiko sumukuvu hukaa, na haitoki kwa kukaangwa.

Dagaa wa Mwaloni pale Kirumba, hata ukiwaona wamekauka, wape saa mbili za jua ukiwarudisha nyumbani. Wapepete kwanza. Waliokaushwa kwenye kichanja hutoa mchanga kidogo sana, waliokaushwa chini hutoa kiganja kizima, na hapo utajua umenunua uzito wa nini. Unyevu waliouvuta sokoni ndio unaoleta ile harufu kali na wadudu wadogo weusi kwenye kopo.

Mboga za majani ni za kivulini. Majani ya kunde au mgagani, ukitaka nsansa nzuri, yaani mboga kavu za majani, yachovye kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika mbili au tatu, yachuje, kisha yatandaze kwenye ungo ndani ya banda lenye upepo au chini ya kitambaa kinene. Jua la moja kwa moja linaondoa rangi ya kijani, na pamoja nayo sehemu kubwa ya vitamini A. Yawe makavu hadi yavunjike yakishikwa. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vya kukaushwa, siyo kazi ya mwezi huu, ngoja viazi na kiangazi; kujaribu Novemba ni kulisha ukungu.

Kuna na maji ya kunywa. Chupa za plastiki zisizo na rangi, za lita moja hadi mbili, zioshwe, zijazwe, zilazwe juu ya bati kabla ya saa tatu na zitolewe baada ya saa tisa. Saa sita za jua kamili huua vijidudu vingi vya kuharisha. Sharti maji yawe maangavu: simamisha chupa juu ya gazeti, tazama kupitia mdomoni, na kama herufi kubwa hazisomeki, yachuje au yaache yatuame kwanza. Zaidi ya nusu ya mbingu ikiwa na mawingu, weka siku mbili mfululizo. Chupa iliyokwaruzika iwekwe pembeni. Njia hii haiondoi kemikali wala chumvi, na mtungi wa lita 20 hautibiki hivyo, mwanga haufiki katikati.

Tangi la mvua ni kinyume chake, lenyewe lataka giza. Mwanga ukiingia, ukijani unaota kwenye kuta. Maji ya mvua za mwanzo, walau dakika 20 za kwanza, yaachwe yapite nje, kwa kuwa yamebeba vumbi la kiangazi na vinyesi vya kunguru. Baada ya hapo kila milimita ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 60 likipata milimita 20 ni lita 1,200, toa kidogo za kurukia nje. Mfereji wa bati uliojaa majani ya mwembe unakunyima karibu zote, basi panda ngazi leo wakati kukavu.

Wanaomwagilia kwa maji ya ziwa wakumbuke kichocho. Vimelea wake hutoka kwenye konokono na kuingia kupitia ngozi, wala huhitaji kunywa. Maji hayo yakikaa saa 48 kwenye pipa safi lisilo na konokono, vimelea hufa. Kuingia majini hadi magotini kuvuna magugu maji ya mboji ni hatari ileile, kwa hiyo vuta kwa reki ukiwa mkavu ukingoni. Yaanike siku mbili au tatu yanyauke, kwani karibu yote ni maji. Kisha panga lundo la mita moja kila upande: magugu sentimita 15, samadi sentimita 5, koleo la udongo, rudia. Lundo lenyewe likae kivulini na lifunikwe majani ya migomba. Lipindue baada ya wiki mbili, na litakuwa tayari kwa miezi miwili au mitatu. Kipande kisitupwe mtaroni. Kitaelea hadi ziwani na kuota upya.

Mchana, maboga na chainizi vikilegeza majani saa saba, usikimbilie maji. Ingiza kidole hadi fundo la pili. Pakiwa na unyevu, mmea unajikinga tu, na saa kumi na moja utaukuta umesimama. Mche wa nyanya, bilinganya au pilipili ukiukuta bado umelala jioni ilhali udongo umelowa, hapo shuku mnyauko bakteria: kata shina karibu na ardhi, lisimamishe kwenye glasi ya maji safi, na ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ng'oa, choma, wala usipande nyanya, bilinganya wala pilipili hapo.

Saa kumi jioni ndiyo saa ya miche. Ya nyanya iwe na wiki nne au tano, iliyopunguziwa maji na kuzoeshwa jua kwa wiki nzima kwa kuondoa paa la kitalu kidogo kidogo. Iliyotoka kivuli kizito moja kwa moja hubabuka majani siku ya kwanza. Mwagilia kitalu kwanza, ng'oa kwa kijiko pamoja na udongo wake, shimo liachane na jingine sentimita 50 na mstari na mstari sentimita 75. Nyanya izikwe hadi karibu na majani ya chini, shina lililofukiwa litatoa mizizi. Chainizi isizikwe moyo, itaoza. Kata chupa ya plastiki pete ya sentimita 5, ivishe kila mche na izame sentimita 2 ardhini, maana sota, yule kiwavi mkata miche, hukata shina usiku na kuondoka bila kuumaliza mche. Nusu lita ya maji kila shimo, kisha tawi lenye majani upande wa magharibi kwa siku tatu au nne.

Mche wa mwisho ukishamwagiliwa, nguo zinaingia, chandarua kinarudi kitandani, turubai linakunjwa. Keni na ndoo zote zigeuzwe kinywa chini: maji ya kina cha vidole viwili, yakiachwa humo wiki moja au siku kumi, yanatosha kutoa mbu.